Ngozi ya Mzee Mbele ya Taa

Pitisha ukucha kwenye muundi wa mzee wa miaka 70 aliyetoka kuoga nusu saa iliyopita na bado hajapaka mafuta. Utaacha mstari mweupe, na ukiuangalia ukucha wenyewe utakuta unga laini umeng'ang'ania. Kila nyumba ya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Bunju, kuvuka mto Mpiji, hadi Mapinga, Kerege na Zinga, inaujua mstari huo na ina dawa yake: mafuta ya nazi kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji, au kopo la mafuta ya mgando. Dakika mbili baadaye muundi unang'aa na mzee yuko tayari kwenda barazani.

Tumezoea kuamini kwamba ngozi hiyo sasa imepata maji. Haijapata. Kilichobadilika ni njia ya mwanga. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, safu 15 hadi 20, zilizopandana kama makuti ya paa. Zikikosa maji zinakakamaa, kingo zake zinanyanyuka na hewa inaingia katikati. Mwanga unaofika hapo unakutana na mipaka mingi ya seli na hewa, unatawanyika na kurudi machoni mwetu ukiwa mweupe kabla haujaifikia melanini, rangi asilia ya ngozi, iliyo chini. Mafuta yakijaza zile nafasi, mwanga unapita moja kwa moja na weusi wa ngozi unaonekana tena. Maji ya ndani ya seli yako vilevile kama yalivyokuwa kabla kopo halijafunguliwa. Mafuta yatayazuia yasiendelee kutoka, lakini faida hiyo huja taratibu, kwa saa kadhaa.

Mwaka 1952 Irvin Blank, mtafiti wa Boston, alilithibitisha hili kwa jaribio ambalo mtu angeweza kulifanya jikoni. Alichukua vipande vikavu vya ngozi ngumu ya sugu akavitia kwenye mafuta ya aina mbalimbali. Vilibaki vigumu. Vilipopata maji, vikalainika. Tangu hapo ngozi kavu ikawa suala la maji, na maji yakahitaji kipimo.

Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni cha umeme. Kampuni ya Courage + Khazaka ya Cologne, Ujerumani, hutengeneza Corneometer, kifaa chenye kichwa kidogo kinachobonyezwa kwenye ngozi kwa kama sekunde moja kikatoa namba kati ya 0 na 120. Namba hiyo haina kizio. Si asilimia wala gramu. Kifaa kinahisi uwezo wa ngozi kuhifadhi chaji, na kwa kuwa maji huupandisha uwezo huo kuliko protini na mafuta, namba ikiwa kubwa tunasema maji ni mengi. Kwa ngozi iliyotulia kwenye chumba cha baridi, kinafanya kazi vizuri. Kwa mtu aliyeshuka daladala ya saa saba mchana akiwa na jasho la chumvi mwilini, kinapima zaidi jasho.

Ndiyo maana wengi wamegeukia mwanga. Hautoboi, hauchomi, unaweza kupima bila hata kuigusa ngozi, na ukichagua wimbi vizuri unachagua pia kina unachotaka kukiona. Kinachosemwa mara chache ni kwamba vifaa vingi vya mwanga vimefundishwa kwa ngozi nyeupe, ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi, na kwamba wazee wa Mapinga wakiwekwa mbele ya taa hizo bila marekebisho watatoka na namba zisizo zao. Fizikia ya kurekebisha hali hiyo inajulikana. Vipimo vya msingi kutoka kwa watu wenyewe ndivyo havipo.

Kabla ya taa, tukubaliane tunatafuta maji gani. Kwa mzee mmoja kuna maji ya aina tatu, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu nusu ya mijadala ya ngozi na uzee. Ya kwanza ni maji ya lile tabaka la seli zilizokufa, ambalo unene wake sehemu nyingi za mwili ni mikromita 10 hadi 20 tu. Hayo ndiyo yanayoamua kama ngozi itapauka, itawasha au itapasuka. Ya pili ni maji ya ngozi ya ndani, penye kolajeni, unene wa milimita moja au mbili. Ya tatu ni maji ya mwili mzima: je, mzee amekunywa ya kutosha, amepoteza kiasi gani kwa kuhara au kwa jua la shamba?

Maji haya matatu hayapandi na kushuka pamoja. Mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuwa na miguu iliyovimba maji huku ngozi ya juu ya miguu hiyohiyo ikibanduka kwa ukavu. Mwingine anang'aa mafuta kutwa nzima wakati figo zake zinalilia maji. Hata ule msemo kwamba ngozi ya mzee inavuja maji haukusimama. Mwaka 2013 watafiti wa hospitali ya Charité ya Berlin walikusanya tafiti nyingi za maji yanayopotea kupitia ngozi, na wenye miaka 65 na zaidi hawakuonekana kupoteza zaidi ya vijana. Kwa jumla walipoteza pungufu kidogo. Ukavu wao unatokana zaidi na upungufu wa vitu vinavyoyashika maji: mabaki ya protini ya filagrini, yurea, laktati, pamoja na sebumu, mafuta ya ngozi yenyewe, inayotoka kwa uchache. Isitoshe, ngozi ya mzee ikichubuliwa huchelewa kujenga upya ukuta wake.

Mwanga unahesabuje maji? Molekuli ya maji hutikisika, na kila mtikisiko hupokea mwanga wa urefu fulani wa wimbi. Kwenye eneo la infraredi lililo jirani na mwanga tunaouona, maji yana vilele vinne vinavyotumika sana: nanomita 970, 1,200, 1,450 na 1,940 hivi. Ukimulika ngozi kwa mojawapo na kupima kinachorudi, upungufu wake unakuambia mwanga umekutana na maji kiasi gani.

Hapa ndipo kina kinapoingia. Mwanga wa nanomita 970 unaweza kusafiri takriban sentimita 2 ndani ya maji safi kabla nguvu yake haijashuka hadi kama theluthi moja. Wa 1,450 hufika theluthi moja ya milimita. Wa 1,940 hauvuki hata sehemu ya kumi ya milimita. Ngozi hutawanya mwanga, kwa hiyo ndani yake umbali halisi ni mfupi zaidi, lakini mpangilio unabaki huo. Taa ya 970 inaona ngozi yote na mafuta ya chini yake. Ya 1,450 inaona ngozi ya juu pamoja na mwanzo wa ile ya ndani. Ya 1,940 inakaribia tabaka la seli zilizokufa, ingawa nayo inalipita. Mtu akikuambia kifaa chake kinapima unyevu wa ngozi kwa infraredi, muulize kwanza nanomita ngapi. Asipojua, funga mjadala.

Njia ya kuona tabaka kwa tabaka ipo, na kwangu ndiyo inayovutia kuliko zote. Mwaka 1928 C. V. Raman aligundua huko Calcutta kwamba sehemu ndogo mno ya mwanga unaogonga molekuli hurudi ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo ni alama ya molekuli yenyewe. Alipata Nobel mwaka 1930. Mwaka 2001 Peter Caspers na wenzake wa Rotterdam walitumia leza iliyokusanywa kwenye nukta ndogo, wakaishusha ndani ya ngozi ya watu hai mikromita chache kila hatua, wakilinganisha alama ya maji na alama ya protini. Mchoro uliotoka unaonyesha maji machache juu kabisa, yanapanda kadri unavyoshuka, kisha yanatulia ngozi hai inapoanza. Katika vipimo hivyohivyo walihesabu na vile vitu vinavyoshika maji. Hakuna tone la damu lililotoka.

Mbinu ya Raman pia ndiyo iliyoleta habari inayokataa mazoea. Mwaka 1998 Monika Gniadecka na wenzake, nchini Denmark, waliangalia maji ya ngozi iliyozeeka kwa jua na ile iliyozeeka kwa umri peke yake. Katika ngozi iliyopigwa na jua, maji mengi zaidi yalikuwa huru, yameshikana yenyewe kwa yenyewe badala ya kuishika protini. Ngozi ya kijana, na hata ya mzee iliyofichwa na nguo, maji yake mengi yamefungamana na protini. Maana yake, ngozi iliyonyauka inaweza kuwa na maji tele ambayo hayafanyi kazi. Kifaa kinachohesabu maji bila kutofautisha haya mawili kitampa mzee huyo alama nzuri.

Tomografia ya mwanga, iliyozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1991, huonyesha unene wa matabaka vizuri sana lakini maji huyaona kwa kukisia tu. Mawimbi ya terahetsi yanayahisi maji kwa nguvu mno, na bado ni mali ya maabara chache. Tuyaache.

Turudi kwenye weusi. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake, huko Marekani, walipima mwanga wa jua unaopenya ngozi ya juu ya watu weusi na weupe. Miale ya UVB iliyopita ilikuwa asilimia 7.4 kwa weusi na 24 kwa weupe. Ya UVA, asilimia 17.5 dhidi ya 55. Ndiyo sababu mkulima wa mihogo wa Mapinga, aliyekaa miaka 50 chini ya jua linalosimama utosini kila mwanzo wa Machi na tena kila Oktoba, anaweza kuwa na uso wenye mikunjo michache kuliko mwalimu mstaafu wa Uingereza aliye mdogo kwake. Lakini ngao ni ngao hata kwa taa ya daktari. Melanini inafyonza sana mwanga unaoonekana, inafyonza bado kwenye nanomita 800, na nguvu yake inaendelea kufifia hadi kufikia kama 1,100, ambako haina tena uzito wa kuzungumzia.

Tulikwisha kuona kinachotokea hilo likipuuzwa. Oksimita, kile kibanio cha kidoleni ambacho kanuni yake ilibuniwa na Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutumia mwanga mwekundu wa 660 na infraredi ya 940. Mwaka 1990 tayari watafiti wa Marekani walikuwa wameandika kwamba kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Miaka 30 ikapita. Desemba 2020, katikati ya UVIKO-19, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliosomwa na kifaa kuwa na oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, waliokuwa kwa kweli chini ya 88 ni asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Kasoro iliyojulikana kwa miongo mitatu haikurekebishwa kwa sehemu kwa sababu wengi waliotumiwa kukifundisha kifaa kusoma walikuwa na vidole vyeupe. Sioni kwa nini kipimo cha unyevu wa ngozi, ambacho hakina hata uzito wa kuokoa maisha, kitapata uangalifu zaidi bila mtu kuudai.

Hata mizani ya rangi yenyewe ina kasoro. Ile ya Thomas Fitzpatrick ya mwaka 1975 ilianza kwa kuwagawa weupe kulingana na wanavyoungua au kuiva juani. Madaraja mawili ya mwisho, ya ngozi za kahawia na nyeusi, yaliongezwa baadaye. Karibu Mapinga nzima inaingia kwenye masanduku hayo mawili. Mtu maji ya kunde na mtu mweusi tii wanahesabiwa majirani.

Dawa ya kitaalamu ni rahisi kuitamka: pima kwa 1,450 au zaidi, ambako melanini haifiki. Tatizo lake ni bei. Vihisi vya silikoni, vilivyomo kwenye kamera za simu na kwenye oksimita za bei nafuu, huacha kuona karibu na nanomita 1,100. Kuvuka hapo unahitaji kihisi cha mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki, ambacho ni ghali kuliko silikoni mara nyingi sana. Kwa hiyo vifaa rahisi vinakwama upande wa 970, penye maji hafifu, kina kirefu mno na melanini inayosalia kidogo. Ukiona programu ya simu inadai kusoma maji ya ngozi kwa kamera peke yake, fahamu kwamba inasoma mng'ao na kupauka, halafu inakisia.

Na hapa kuna kichekesho kinachotupendelea. Kupauka kunaonekana vizuri zaidi kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu weupe wa mwanga uliotawanyika una mandhari nyeusi nyuma yake. Kwenye ngozi ya Mzungu ukavu uleule unajificha. Picha ya simu iliyopigwa kwa taa ileile, umbali uleule, huku karatasi mbili za kupolaraizi zikiondoa mng'ao wa mafuta, inaweza kumfuatilia mzee wa Mapinga mwezi hadi mwezi kwa uhakika ambao isingeupata Stockholm. Haitakuwa imehesabu maji. Itakuwa imepima makuti yaliyonyanyuka. Kwa kazi nyingi za zahanati hiyo inatosha.

Sasa mlete mzee chumbani. Utaratibu wa kimataifa unataka mpimwaji akae dakika 20 hadi 30 kwenye chumba cha nyuzi kama 20 hadi 22, unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60, na asiwe amepaka kitu tangu jana yake. Mapinga, wakati wa kaskazi, hewa ya mchana inazidi nyuzi 30 na imeshiba mvuke wa bahari. Chumba cha namna hiyo ni cha kutengenezwa kwa kiyoyozi na umeme usiokatika. Na hata ukikipata, umempima mzee katika hali asiyoishi. Ngozi yake huishi kwenye joto la pwani. Ya kiyoyozini ni ngozi ya mgeni. Mimi ningepima mara mbili, barazani na chumbani, na kuandika zote mbili.

Suala la mafuta ni gumu zaidi ya kiyoyozi. Msaidizi wa utafiti atasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Kesho ukija tunaomba usipake mafuta." Mzee ataitikia marahaba, na kesho atakuja anang'aa. Hajakaidi. Kwenda mbele za watu, tena hospitali, miguu imepauka, ni kujiaibisha na kuwaaibisha wanao, kwamba huna mtu wa kukutunza. Afadhali kumwomba aje kama alivyo, umwoshe kipande cha mkono hapo hapo, usubiri, halafu upime.

Kuna na udhu. Mwislamu anayesali sala tano huosha uso, mikono hadi viwikoni na miguu hadi vifundoni mara kadhaa kwa siku, miaka 60 mfululizo. Maji yanayoingia kwenye seli zilizokufa huvukiza ndani ya dakika chache, kwa hiyo kumpima mtu aliyetoka msikitini kunaleta namba ya juu ya uongo. Kwa muda mrefu, kuosha mara kwa mara huondoa vile vitu vinavyoshika maji, hasa kukiwa na sabuni. Wakati huohuo sehemu ya mkono iliyo juu ya kiwiko haioshwi. Mstari huo wa kiwiko ni jaribio lililokwisha kujifanya lenyewe, na mtafiti makini wa pwani angeanzia hapo: sentimita chache juu, sentimita chache chini, mtu yuleyule, rangi ileile.

Mapinga ina jaribio jingine la bure. Wapo wazee wazaliwa, waliokaa juani kwa minazi, mihogo na uvuvi. Halafu wapo wastaafu walionunua viwanja Dar es Salaam ilipopanuka kuelekea kaskazini, watu waliomaliza miongo mitatu kwenye ofisi za Posta na Kariakoo. Umri mmoja, hewa moja, jua tofauti la ujanani. Ongeza akina mama wa mwani wa kijiji cha Mlingotini, ambao kila bamvua viganja vyao hukaa saa kadhaa kwenye maji ya chumvi wakifunga na kuvuna, na utakuwa na makundi matatu yanayotofautiana kwa jambo moja moja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inahesabu uzee kuanzia miaka 60. Kwa ngozi, mama wa mwani anaweza kuwa amefika mapema.

Nani angefanya kazi hiyo? Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi Bagamoyo mjini, safari fupi ya daladala kutoka Mapinga. Hapo ndipo kilipo kimojawapo cha vituo vya majaribio ya chanjo za malaria, ikiwemo R21 iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Lakini kinachonivutia zaidi kwenye taasisi hiyo ni mbu. Mwaka 2009 Valeriana Mayagaya wa Ifakara na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Marekani, walichapisha njia ya kumulika mbu mzima kwa infraredi na kukisia umri wake. Mbu mzee ndiye wa hatari, kwa kuwa kimelea cha malaria huhitaji siku kumi au zaidi kukomaa ndani yake. Kwa mwanga tu, bila kumpasua, waliwagawa mbu wa chini ya siku 7 na wa siku 7 kwenda juu kwa usahihi wa takriban asilimia 80. Mwaka 2019 Emmanuel Mwanga, Fredros Okumu na wenzao wa Ifakara wakatumia infraredi ya kati kutambua vimelea vya malaria kwenye matone ya damu yaliyokaushwa.

Yaani umri, ganda la nje la kiumbe, maji na infraredi: mkusanyiko huo umekwisha kufanyiwa kazi Tanzania, na Watanzania. Na somo lililotoka humo linahusu ngozi ya binadamu moja kwa moja. Hesabu zilizofundishwa kwa mbu waliofugwa maabara zilijikwaa zilipopewa mbu wa porini, wenye chakula, joto na historia tofauti. Masabho Milali na wenzake walilazimika kutafuta njia mpya za kikokotozi kwa mbu wa porini, wakachapisha mwaka 2020. Mzee wa Mapinga aliyesomwa kwa hesabu za wakazi wa Rotterdam ndiye mbu wa porini.

Kuna ndugu zetu ambao kwao swali linageuka. Mtu mwenye ualbino hana melanini ya kusumbua taa, na pia hana ya kumkinga. Ngozi yake inaweza kuzeeka kwa jua akiwa bado kijana. Kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimewahudumia kwa miaka mingi, hata kutengeneza mafuta ya kukinga jua ya Kilisun. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana ualbino na mwingine hana, wangemwonyesha mtafiti mchango wa melanini kuliko kitabu chochote. Lakini katika nchi ambayo watu hawa wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kumwomba mtu ngozi yake ipigwe picha na kupimwa kunahitaji muda mrefu wa kuaminiana, na akikataa, mazungumzo yaishie hapo.

Kipimo chenyewe ni cha nini? Sidhani zahanati ya Mapinga inahitaji taa ya infraredi ili kumwambia mzee apake mafuta, jicho linatosha. Eneo la kwanza ni upungufu wa maji ya mwili, na hapo haja ni kubwa. Wahudumu hufundishwa kuvuta ngozi ya tumbo la mtoto anayehara: ikirudi polepole sana, zaidi ya sekunde 2, hali ni mbaya. Kwa mzee kipimo hicho hudanganya, kwani ngozi yake imepoteza mvutano na itachelewa kurudi hata akiwa ametoka kunywa lita ya maji. Mwanga wa 970 unaofika ndani ungeweza siku moja kusaidia, ila miguu iliyovimba na mafuta ya chini ya ngozi vinauchanganya, na sijaona bado sababu ya kuukabidhi uamuzi wa dripu. Eneo la pili ni vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wake umehamia Shirika la Viwango, TBS, na ahadi za unyevu wa saa 24 zinazoandikwa kwenye makopo hutokana kwa kawaida na majaribio ya nchi za baridi. Maabara moja ya hapa yenye taa ya 1,450 na wajitolea wa pwani ingeweza kuzikagua.

La tatu ndilo ningelianza nalo: miguu ya wenye kisukari. Mishipa ya fahamu ikiharibika, jasho la nyayo hukauka, magaga yanapasuka, kidonda kinaingia bila kuhisiwa. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuonyesha ni miguu mingapi inayokatwa kwa kidonda kilichoanza kidogo, na mpango wa Step by Step wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifundisha wahudumu kuikagua mapema. Kisigino kina sifa ambazo ni nadra kwingine mwilini. Nyayo za mtu mweusi zina melanini kidogo, kwa hiyo kikwazo cha rangi kinapungua sana. Hazina tezi za mafuta wala nywele. Na tabaka la seli zilizokufa, ambalo mkononi ni mikromita 15, kisiginoni linaweza kufika milimita nzima. Taa ya 1,450 inayoingia theluthi moja ya milimita inabaki ndani yake karibu yote, haigusi sana maji ya chini. Matatizo mawili makubwa ya mwanga yanapungua pamoja, pale ambapo ukavu ni hatari kwelikweli. Kisigino cha kulia kinalinganishwa na cha kushoto, cha mwezi huu na cha mwezi uliopita, bila kuhitaji namba za Ulaya.

Kitakachobaki ni hina. Akina mama wengi wa Bagamoyo hupaka nyayo, hasa msimu wa harusi, na hina hufyonza mwanga unaoonekana. Kwenye 1,450 inatarajiwa isilete shida, lakini hilo ni la kuhakikisha siku ya kwanza, kwa mama mmoja ambaye hajapaka bado: apimwe, apakwe mguu mmoja, apimwe tena.